Kuutangulia Ugonjwa: Ufuatiliaji wa Maambukizo Katika Vyuo

Ugonjwa wa kuambukiza unapozuka katika chuo au shule ya bweni, wazo la kwanza linalowajia wengi ni kufunga mafunzo na kuwarudisha wanafunzi makwao. Wazo hilo lina mantiki yake, lakini lina hatari mbili. Kwanza, elimu hukatika, na anayeumia zaidi ni yule ambaye nyumbani kwao hakuna vitabu, taa wala nafasi ya kusomea. Pili, wanafunzi wanapotawanyika, wale walioambukizwa bila ya kujijua huupeleka ugonjwa katika kila wilaya watokako. Makaa yaliyokuwa katika jiko moja hutiwa katika majiko mia.

Je, yawezekana kuuzuia ugonjwa bila ya kufunga chuo kizima? Njia moja iliyotumiwa kwa miaka mingi ni kuanza na mgonjwa mmoja, kuwatafuta watu waliotangamana naye, na kuwaweka kando kwa muda kabla hawajawaambukiza wengine. Katika makala haya tutaeleza jinsi njia hii inavyofanya kazi, hesabu iliyomo ndani yake, na sababu zinazoifanya ifaulu mahali pamoja na ishindwe mahali pengine. Mifano yetu mikubwa inatoka katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani, ambako mambo yaliyotokea yaliandikwa kwa kirefu. Kanuni zake, hata hivyo, ni zile zile popote wanadamu wanapolala, kula na kusoma pamoja.

HATUA ZA UFUATILIAJI

Kazi hii ina hatua nne. Kwanza, mgonjwa hutambuliwa kwa hakika, aghalabu kwa kipimo cha maabara. Pili, huhojiwa kwa utaratibu: alilala wapi, alikula na nani, aliketi karibu na nani, alisafiri kwa gari gani, na tangu siku gani. Tatu, watu aliowataja hutafutwa na kuarifiwa, bila ya kutajiwa jina la mgonjwa. Nne, watu hao hukaa karantini kwa muda unaolingana na ugonjwa wenyewe, huku afya yao ikiangaliwa. Na kama chanjo au dawa ya kinga ipo, hupewa. Akitokea mmoja wao kuugua, yeye naye huanzisha orodha mpya, na kazi huanza tena.

Inafaa kutofautisha maneno mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Mgonjwa aliyethibitishwa hutengwa. Mtu mzima wa afya, ambaye yamkini ameambukizwa lakini bado haijulikani, huwekwa karantini. Kuwachanganya wawili hao katika chumba kimoja ni kuueneza ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Tena, si kila mtu aliyepita karibu na mgonjwa anayehesabiwa. Katika ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19, wakuu wa afya wa Marekani mwaka 2020 walimhesabu mtu aliyekuwa umbali usiozidi futi 6, yaani karibu meta 2, kwa jumla ya dakika 15 au zaidi katika muda wa saa 24, kuanzia siku mbili kabla mgonjwa hajaonyesha dalili. Katika kifua kikuu, wanaotazamwa kwanza ni wale wanaolala chumba kimoja na mgonjwa kwa wiki nyingi. Katika kipindupindu, swali kubwa ni nani aliyekunywa maji yale yale au kula chakula kile kile. Kwa hiyo mfuatiliaji hana budi kujua kwanza njia ambayo ugonjwa hupita, ndipo ajue maswali ya kuuliza.

Chuo ni mahali pa hatari kwa sababu kina mabweni, bwalo, kumbi za mihadhara na sherehe. Lakini kina faida ambayo miji mingi haina: kina orodha. Majina ya wanaoishi katika kila chumba yanajulikana, na vivyo hivyo majina ya wanaosoma kila somo. Orodha hizo zikitumiwa upesi, huwa silaha.

NDUI KATIKA CHUO KIKUU CHA BIRMINGHAM

Ndui iliua watu kwa karne nyingi, na iliangamizwa kwa chanjo iliyoambatana na ufuatiliaji. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwezi Oktoba 1977. Watu 161 waliotangamana naye walitafutwa, na wakazi zaidi ya 50,000 wa eneo hilo wakachanjwa katika muda wa wiki mbili. Ugonjwa haukuendelea.

Mwaka uliofuata ndui ilizuka tena, na safari hii ilizuka chuoni. Janet Parker alikuwa mpiga picha wa kitabibu katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Chumba chake cha kazi kilikuwa katika jengo ambalo orofa yake ya chini ilikuwa na maabara ya utafiti wa virusi vya ndui. Tarehe 11 Agosti 1978 alianza kuugua. Kwa kuwa ndui ilidhaniwa kuwa imekwisha, madaktari hawakuifikiria mara moja, na ugonjwa wake haukutambuliwa hadi tarehe 24 Agosti. Siku 13 zilikuwa zimepita.

Hapo ndipo ufuatiliaji ulipoanza kwa nguvu zote. Watu wapatao 260 waliwekwa karantini, na watu zaidi ya 500 waliotangamana naye, au waliodhaniwa kutangamana naye, wakachanjwa. Janet Parker alifariki tarehe 11 Septemba 1978. Mama yake mzazi, aliyemwuguza, alipata ndui hafifu na akapona. Hakuna mtu mwingine aliyeambukizwa. Katika mji mkubwa wenye viwanda na chuo chenye maelfu ya watu, mnyororo wa maambukizo ulikatwa katika pete yake ya pili.

Msiba huo ulikuwa na upande mwingine ambao haufai kusahauliwa. Profesa Henry Bedson, mkuu wa maabara ile, alijitoa uhai akiwa katika karantini nyumbani kwake, wakati lawama zilipokuwa zikimwelekea. Hata hivyo njia ambayo virusi vilimfikia Janet Parker haikuthibitishwa kamwe. Ufuatiliaji ni kazi ya kutafuta mahali ugonjwa unapoelekea. Ukigeuzwa kuwa kazi ya kumsaka mwenye kosa, huleta madhara ambayo chanjo haiwezi kuyatibu.

SAA MBILI NDANI YA MWILI

Kwa nini ndui ilikamatika hata baada ya siku 13 kupotea? Jibu limo katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Tunaweza kusema kwamba mtu anapoambukizwa, saa mbili huanza kwenda ndani ya mwili wake. Saa ya kwanza hupima muda hadi dalili zitokeze. Muda huo huitwa kipindi cha kuatamia, kwa kuwa ugonjwa hukaa kimya kama yai chini ya kuku. Saa ya pili hupima muda hadi mtu aweze kuwaambukiza wengine.

Katika ndui, kipindi cha kuatamia ni kirefu, kwa kawaida siku 10 hadi 14, na mtu haambukizi wengine ila baada ya homa kumpata. Isitoshe, chanjo inayotolewa katika siku tatu au nne baada ya maambukizo bado humkinga mtu au huupunguza ukali wa ugonjwa. Mfuatiliaji ana nafasi ya kutosha. Hata akichelewa kwa siku kadhaa, humkuta mtu angali hajawadhuru wengine.

Virusi vya korona vya mwaka 2020 vilikuwa na tabia nyingine. Dalili zilitokea, kwa wastani, siku ya tano hivi baada ya maambukizo, lakini mtu aliweza kuanza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili hizo. Wengine hawakupata dalili hata kidogo, na bado waliambukiza. Saa ya pili iliitangulia saa ya kwanza.

Mwaka 2004 wanasayansi Christophe Fraser, Steven Riley, Roy Anderson na Neil Ferguson walikuwa wamekwisha kulieleza jambo hili kwa hesabu. Walionyesha kwamba urahisi wa kuuzuia ugonjwa hautegemei tu idadi ya watu wanaoambukizwa na kila mgonjwa. Hutegemea pia sehemu ya maambukizo inayotokea kabla ya dalili. Ndiyo maana ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, ambao waliougua waliambukiza zaidi baada ya kuzidiwa, ulizuiwa kwa kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliotangamana nao. Mafua makali hayazuiliki kwa urahisi huo.

HESABU YA MAAMBUKIZO

Hebu tuchukue mfano mwepesi, ambao mwalimu anaweza kuuandika ubaoni. Tuseme kila mgonjwa, asipozuiwa, huambukiza watu 3. Tuseme pia kwamba wafuatiliaji huwapata watu 8 katika kila 10 walioambukizwa.

Hali ya kwanza: watu hao hupatikana mapema, kabla hawajaanza kuambukiza. Wanane hawataambukiza mtu. Wawili waliokosekana wataambukiza watatu kila mmoja, jumla watu 6. Kwa hiyo wagonjwa 10 huzaa wagonjwa 6, yaani wastani wa 0.6 kwa kila mmoja. Idadi hupungua.

Hali ya pili: nusu ya maambukizo hutokea kabla ya dalili, na wafuatiliaji huwapata watu siku ile dalili zinapoanza. Kila mmoja wa wale wanane amekwisha kuambukiza watu 1.5, jumla 12. Wawili waliokosekana huambukiza 6. Wagonjwa 10 huzaa wagonjwa 18, yaani wastani wa 1.8. Idadi huongezeka, ingawa wafuatiliaji wamefanya kazi kwa bidii ile ile.

Hali ya tatu: wafuatiliaji ni wepesi kama hali ya kwanza, lakini wagonjwa huficha majina, na ni watu 5 tu kati ya 10 wanaopatikana. Watano waliokosekana huambukiza 15. Wastani ni 1.5, na idadi huongezeka vile vile.

Tofauti kati ya 0.6 na 1.8 yaweza kuonekana ndogo. Lakini baada ya vizazi vitano vya maambukizo, wagonjwa 10 wa hali ya kwanza watakuwa wamezaa kizazi chenye mgonjwa asiyefika hata mmoja. Wale wa hali ya pili watakuwa na kizazi chenye wagonjwa wapatao 189. Mpaka kati ya usalama na mlipuko ni namba 1, na vitu viwili huamua tutakuwa upande gani: wepesi wa kuwapata watu, na idadi ya majina tunayopewa.

KALENDA YA ASHA NA BAKARI

Wepesi huo hupimwa kwa siku. Tuwaite wanafunzi wawili Asha na Bakari, na tutumie nyakati za kawaida za UVIKO-19 wa mwaka 2020. Asha aliambukizwa siku ya 0. Siku ya 3 aliweza kuwaambukiza wengine, na siku hiyo alisoma na Bakari chumba kimoja akamwambukiza. Bakari naye ataanza kuambukiza siku ya 6.

Siku ya 5 Asha alipata homa. Alivumilia siku moja, akaenda zahanati siku ya 6. Majibu ya kipimo yalitoka siku ya 8, na Bakari akapatikana siku ya 9. Amekwisha kutembea na virusi kwa siku tatu. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila mtu alitimiza wajibu wake, na ugonjwa umewashinda.

Sasa tuseme chuo kinampima kila mwanafunzi mara mbili kwa wiki, mwenye dalili na asiye na dalili. Asha anapimwa siku ya 4, majibu yanatoka siku ya 5, na Bakari anapigiwa simu siku hiyo hiyo. Bado siku moja kabla hajaanza kuambukiza. Mnyororo umekatika.

VYUO VITATU VYA MAREKANI, MWAKA 2020

Mfano huu si wa kubuni tu. Tarehe 10 Agosti 2020 Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichoko mjini Chapel Hill, kilifungua masomo bila ya kuwataka wanafunzi wote wapimwe wanapoingia. Katika wiki moja wanafunzi 130 waligunduliwa kuwa na virusi. Kufikia tarehe 17 Agosti wanafunzi 177 walikuwa wametengwa na wengine 349 wako karantini. Chuo kikatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yatahamia kwenye kompyuta. Ufuatiliaji ulikuwapo, lakini ulianza mbio wakati mwenzake amekwisha kutangulia.

Katika mji jirani wa Durham kuna Chuo Kikuu cha Duke. Huko wanafunzi walipimwa walipofika, kisha wakaendelea kupimwa mara kwa mara, na waliotangamana na wagonjwa wakafuatiliwa. Kati ya tarehe 2 Agosti na 11 Oktoba 2020 walipimwa wanafunzi 10,265 kwa sampuli 68,913, na wagonjwa waliopatikana walikuwa 84. Nusu yao, asilimia 51, hawakuwa na dalili. Kama chuo kingengoja watu waugue ndipo kiwafuatilie, nusu hiyo isingejulikana kamwe. Haki inatudai tuseme kwamba vyuo hivi viwili havilingani kwa mali wala kwa idadi ya wanafunzi, hivyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa ni ya upimaji peke yake.

Duke ilitumia hila ya hesabu ili kupunguza gharama: sampuli za watu watano zilichanganywa na kupimwa pamoja. Mchanganyiko usipokuwa na virusi, watu wote watano wako salama kwa kipimo kimoja. Ukiwa navyo, kila mmoja hupimwa peke yake. Tuseme kati ya watu 100 mmoja ameambukizwa. Tutapima michanganyiko 20. Mmoja utaonyesha virusi. Tutapima tena watu 5. Jumla ni vipimo 25 badala ya 100. Mwanafunzi mwerevu atauliza hila hii hupoteza faida yake lini. Jibu: wagonjwa wanapokuwa wengi kiasi kwamba karibu kila mchanganyiko una virusi.

Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana-Champaign, kilikwenda mbali zaidi. Wanakemia na wanabiolojia wa chuo hicho walibuni kipimo cha mate. Badala ya kutoa kwanza chembe za urithi za virusi kwa kemikali maalum, walichemsha mate kwa nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha wakapima moja kwa moja. Hatua iliyochelewesha maabara nyingine iliondolewa. Kuanzia Agosti 2020 wanafunzi walipimwa mara mbili kwa wiki, na kwa kawaida majibu yalipatikana ndani ya siku moja. Wanafizikia wa chuo, Nigel Goldenfeld na Sergei Maslov, walikuwa wamepiga hesabu ya mwenendo wa ugonjwa kabla ya chuo kufunguliwa.

Hata hivyo, wiki za kwanza wagonjwa waliongezeka kupita walivyotazamia. Mapema mwezi Septemba uongozi wa chuo ulieleza sababu: baadhi ya wanafunzi waliokwisha kujua kwamba wameambukizwa walikwenda kwenye sherehe au walizifanya wenyewe, na baadhi walikwepa simu za idara ya afya. Hesabu ya wanafizikia ilikuwa imekadiria kwamba wanafunzi watahudhuria sherehe. Haikukadiria kwamba mtu atahudhuria akijua kuwa ni mgonjwa. Chuo kiliwazuia wanafunzi wasitoke kwa wiki mbili ila kwa shughuli za lazima, kikaharakisha kazi ya kuwatenga wagonjwa, na idadi ikashuka. Muhula uliendelea.

RAFIKI WA RAFIKI

Hadi hapa tumezungumzia kufuata mbele, yaani kutafuta watu ambao mgonjwa amewaambukiza. Kuna pia kufuata nyuma, yaani kutafuta mahali ambapo mgonjwa mwenyewe aliambukizwa. Wajapani walikazia sana njia hii mwaka 2020, na sababu yake ni ya kuvutia.

Chukua watu watano. Mmoja, Daudi, ana urafiki na wote wanne. Wale wanne hawajuani. Daudi ana marafiki 4, na kila mmoja wa wengine ana rafiki 1. Wastani wa marafiki kwa kila mtu ni 8 gawanya kwa 5, yaani 1.6. Sasa mwambie kila mtu ataje rafiki mmoja. Wanne watamtaja Daudi, mwenye marafiki 4. Daudi atamtaja mmoja mwenye rafiki 1. Wastani wa marafiki wa wale waliotajwa ni 17 gawanya kwa 5, yaani 3.4. Basi rafiki yako, kwa kawaida, ana marafiki wengi kukuzidi wewe.

Nicholas Christakis na James Fowler waliijaribu kanuni hii katika Chuo Kikuu cha Harvard wakati wa mafua ya H1N1 mwaka 2009. Walichagua wanafunzi kwa bahati nasibu, wakawaomba wataje marafiki zao, kisha wakayafuatia makundi yote mawili, jumla wanafunzi 744. Wimbi la mafua lililifikia kundi la marafiki karibu siku 14 kabla ya kundi la bahati nasibu.

Maana yake kwa mfuatiliaji ni hii. Mtu aliyekuambukiza yamkini ni mtu mwenye watu wengi, au alikuwa mahali penye watu wengi. Ukimpata, hukupata mgonjwa mmoja, umepata chemchemi. Katika magonjwa kama UVIKO-19, ambamo wagonjwa wengi hawaambukizi mtu na wachache huambukiza wengi, swali "uliupatia wapi?" laweza kufichua maambukizo mengi kuliko swali "umempa nani?"

JE, TUNAJUAJE KWAMBA INAFAA?

Ni vigumu kufanya jaribio ambalo nusu ya watu wanafuatiliwa na nusu wanaachwa makusudi. Lakini jaribio la namna hiyo lilitokea kwa ajali. Mwishoni mwa Septemba 2020 jedwali la kompyuta lililotumiwa na idara ya afya ya umma ya Uingereza lilijaa, na habari za wagonjwa 15,841 zikachelewa kuwafikia wafuatiliaji. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Ni waliotangamana nao ndio hawakutafutwa kwa wakati. Wachumi Thiemo Fetzer na Thomas Graeber walilinganisha maeneo, wakaona kwamba mahali palipokuwa na majina mengi yaliyochelewa, maambukizo na vifo viliongezeka zaidi katika wiki zilizofuata. Siku chache za kuchelewa zilikuwa na bei yake.

Njia hii ina mipaka pia. Mwishoni mwa mwaka 2021 aina ya virusi iitwayo Omicron ilienea kwa kasi kubwa mno, na wafuatiliaji walizidiwa. Mwezi Februari 2022 wakuu wa afya wa Marekani waliacha kupendekeza ufuatiliaji wa kila mgonjwa wa UVIKO-19, wakaelekeza nguvu mahali penye watu dhaifu. Wagonjwa wanapokuwa wengi kuliko wanaoweza kuhojiwa, ufuatiliaji hugeuka kuwa uandishi wa historia.

Kinyume chake, kwa ugonjwa unaoambukiza baada ya dalili, njia hii hubaki kuwa ngao kuu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu zaidi ya 200 waliotangamana na wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa kwa siku 21, kwa kuwa huo ndio urefu wa juu wa kipindi cha kuatamia kwa ugonjwa huo. Wagonjwa walikuwa 9, mmoja wao akiwa wa kudhaniwa tu, na 6 kati yao walifariki. Tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha.

UAMINIFU NDANI YA HESABU

Turudi kwenye hali ya tatu ya hesabu yetu, ile ambayo wafuatiliaji walikuwa wepesi lakini wakashindwa kwa kukosa majina. Mashine bora ya maabara haiwezi kujua Asha alisoma na nani. Ni Asha peke yake anayejua. Naye atasema kama hamwogopi anayemwuliza.

Mwanafunzi hunyamaza kwa sababu zinazoeleweka. Pengine alikuwa mahali alipokatazwa kuwapo. Pengine hataki rafiki yake akose mtihani. Pengine anaogopa kunyanyapaliwa bwenini. Kila moja ya sababu hizo inaweza kuondolewa, au angalau kupunguzwa. Anayefuatilia ugonjwa asiwe ndiye anayeadhibu makosa ya nidhamu, na aliyoyasikia katika mahojiano yasipelekwe kwa anayeadhibu. Jina la mgonjwa lisitajwe kwa waliotangamana naye. Aliye karantini aletewe chakula, apewe masomo aliyoyakosa, na awekewe mtihani wa siku nyingine. Hayo hutazamwa mara nyingi kama huruma tu. Hesabu inaonyesha kwamba ni sehemu ya kinga yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayoigeuza 1.5 kuwa 0.6.

Katika shule zetu za bweni hakuna mitambo ya Illinois, na si kila zahanati inaweza kutoa majibu kwa siku moja. Lakini mambo kadhaa hayahitaji mtambo. Mwalimu wa zamu anaweza kutunza orodha ya vitanda iliyo sahihi. Mwanafunzi anaweza kuzoezwa kutoa taarifa siku ile ile anapopata homa, na asichekwe wala kushukiwa kwamba anakwepa kazi. Chumba kimoja kinaweza kuandaliwa mapema kwa wagonjwa, na kingine, mbali nacho, kwa wanaoangaliwa. Mganga wa zahanati iliyo karibu anaweza kujulikana kwa jina na kwa namba ya simu kabla ya siku ya shida. Mlipuko unapotokea, siku mbili zilizookolewa kwa maandalizi hayo ndizo zinazoweza kumpata Bakari kabla ya siku ya 6.

ZOEZI KWA DARASA

1. Kila mwanafunzi aandike idadi ya wenzake aliozungumza nao ana kwa ana jana kwa dakika 15 au zaidi. Tafuteni wastani wa darasa. Kisha kila mmoja ataje mwenzake mmoja kati ya hao, na mtafute wastani wa namba za wale waliotajwa. Linganisheni wastani hizo mbili na mweleze tofauti yake.

2. Kama kila mgonjwa huambukiza watu 4, na watu wanaopatikana hupatikana wote kabla hawajaanza kuambukiza, ni sehemu gani ya walioambukizwa haina budi kupatikana ili wastani ushuke chini ya 1?

3. Jadilini: shule iwaahidi nini wanafunzi wake ili mgonjwa aweze kutaja bila ya woga watu wote aliotangamana nao?